Nilivyoteleza Siku ya Kuzikwa Hilal

Ng'ambo,
Tabora.
9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Darwesh,

Shikamoo, na amani iwe juu yako na juu ya wote unaolala nao chini ya dari moja huko Maskati. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unasali ukiwa kwenye kiti na unaona haya mbele ya vijana. Usione. Mimi pia sasa nasali kwenye kiti, na sababu yake utaikuta humu ndani.

Sisi huku tu wazima kwa namna watu waliofiwa wanavyokuwa wazima. Mvua imenyesha ya kutosha, uyoga unauzwa mpaka mbele ya msikiti, na waliotoka Puge wanasema mahindi yamesimama vizuri. Sheima anakusalimu. Bado anakaa katika nyumba ya marehemu baba yake pamoja na wanawe na dada Fakhria.

Najua utashangaa kupokea karatasi katika zama hizi. Ni kwa sababu nimetolewa kwenye kundi la simu la ukoo. Sikujitoa, nilitolewa, na aliyenitoa ni dada Fakhria, ambaye hata kupokea simu huomba aelekezwe kidole akiweke wapi. Hilo peke yake likuonyeshe ukubwa wa hasira. Barua hii anakuletea kijana wa Shilinde, anayekuja huko kwenye kazi ya udereva. Nimemwambia ni dawa ya goti, ili asiifungue.

Kaka, nimebanwa, na sina mtu mwingine wa kumwendea.

Picha umeiona. Usinifiche, hakuna asiyeiona. Ni mimi, katikati ya mlima mweupe, katika koti la rangi ya chungwa lisilo langu, mikono nimeitanua, magoti yameachana, na mdomo uko wazi mpaka magego yangu machache yaliyobaki yanaonekana. Chini yake yameandikwa maneno: "Ami kaupata ujana Ulaya." Iliingia kwenye simu za Ng'ambo wakati watu wamekaa uani wanasubiri jeneza la Hilal litoke.

Dada aliitazama, akamrudishia mwenye simu, akasema mbele ya wanawake wote: "Ndugu yake anaoshwa, yeye anacheza."

Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo anaiitikia akitazama ukuta. Sasa khitma ya arobaini inakaribia, na ameshamwambia Sheima kwamba siku hiyo mimi nitakaa nje na majirani, kwenye turubai, si ndani na wenye msiba. Mimi niliyemfuata Hilal kutoka tumbo lile lile, niliyevaa viatu vyake vilipombana na suruali zake zilipomfupia. Unamjua dada. Nikikaa nje siku ile nitakaa nje mpaka nami nibebwe.

Utetezi ninao. Lakini kuna mtu ndani yake, na mtu huyo si mimi. Ndiyo maana nimenyamaza hapa Ng'ambo, na ndiyo maana nakuandikia wewe. Soma yote, kisha uamue.

Kwanza nikueleze nilifikaje huko, maana wapo wanaosema nilikwenda kutembea. Yaqoub alimpelekea baba yake Hilal tiketi ya ndege aende akamwone anakoishi, kijiji kimoja cha milimani nchi ya Austria. Hilal alikataa. Alisema baridi ya Tabora ya mwezi wa saba inamtosha, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba. Akanipa mimi safari. Kilichokuwa kinamsumbua ni kazi ya mwanawe. Yaqoub alikuwa akimwambia kwa simu kwamba anafundisha watu kuteleza kwenye theluji, na Hilal, mtu aliyepima kanga na mashuka dukani maisha yake yote, hakuwahi kusikia kwamba kuteleza kunafundishwa. Alikuwa na shaka kwamba kijana anaosha sufuria mahali na anaona haya kusema.

Aliniambia hivi, akiwa amekaa kwenye kile kiti chake cha kukunja: "Nenda ukamtazame kazi anayofanya. Usiniletee maneno yake. Niletee macho yako."

Basi nilikwenda nikiwa nimetumwa. Nilibeba asali, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, alivyomnunulia mwanawe kwa mkono wake mwenyewe kwa yule mama wa Puge.

Theluji, kaka, ni ule ukoko wa barafu wa friji la zamani ambalo mama mwenye nyumba amesahau kulizima, ila wao wameuacha ukafunika nchi nzima na wanalipisha watu kuukanyaga. Siku zangu za kwanza nilikaa ndani dirishani nikitazama. Babu yetu alitoka pwani hadi hapa Unyanyembe kwa miguu, na misafara, vumbi na homa, na akafika akiwa wima. Kule niliona watu wazima wanapandishwa mlimani kwa mashine ili tu washuke, na wakishashuka wanapanga foleni wapandishwe tena. Mzigo hawana. Hakuna wanachokwenda kuuza huko juu. Niliyapanga haya yote kichwani kwa ajili ya Hilal. Nilijua atacheka pale pa foleni.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa bafuni natawadha. Simu ikaita, ni dada. Alisema Hilal ametangulia alfajiri, akiwa usingizini, hakusumbua mtu, na atazikwa baada ya alasiri. Kisha, kabla sijapata pa kushika, akanipa amri. Yaqoub nisimwambie akiwa wima. Nisimwambie akiwa na njaa. Nisimwambie akiwa hana watu wake pembeni. "Mkalishe kwanza, Murtadha," alisema. "Na wewe usilie mbele yake kabla hajajua."

Wewe unajua tunavyofanya. Alipofariki mama yako ulifuatwa kule Choma, ukaambiwa mama hajisikii vizuri, ukawekwa katikati ya wanaume wawili kwenye gari, nao wakazungumza bei ya pamba njia nzima. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ulijua ulipoona viatu vimejaa mlangoni. Lakini ulipojua ulikuwa umeshafika, na mikono ya kukushika ilikuwepo.

Nilinawa uso mpaka maji yakapoa. Nilipotoka, Yaqoub alikuwa tayari amevaa koti, funguo za gari mkononi, macho mekundu. Nikajisemea, baridi ya nchi hii inawala hata wenyeji. Mkewe Tunu alikuwa ameshakwenda kazini, jikoni kwenye hoteli. Nikamwambia Yaqoub tukae, tunywe chai. Akasema hakuna nafasi, wanafunzi wanamsubiri, na leo twende wote mlimani, nisibaki peke yangu nyumbani. Nikasema najisikia uzito. Akasema hewa ya juu itaniondolea uzito.

Ningefanya nini? Nikimwacha aende, mtu wa Tabora asiye na adabu angeweza kumpigia simu akiwa huko kwenye majabali. Mwenye taarifa haachani na mwenye msiba. Nikavaa koti.

Chini ya mlima wanakukodisha viatu. Ukivivaa unatembea kama mtu aliyefungwa plasta miguu yote miwili. Nikaambiwa asiyekuwa na mbao za kutelezea hubaki kwenye benchi, akisubiri. Nikaomba mbao. Yaqoub alinitazama sana, akainama kunifungia, na alipomaliza hakuinuka mara moja. Alibaki ameshika kiatu changu. Nikadhani anaona fahari.

Mimi ni fundi baiskeli, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichotafuta ni breki.

"Breki ni miguu yako, Ami," alisema. "Visigino nje, vidole ndani. Ipange kama sambusa."

Tukapanda kile kiti cha kuning'inia kwenye waya. Kinakuja nyuma yako kikiwa kwenye mwendo, kinakupiga mapajani, nawe umeshakaa. Ndipo nilipomwona Yaqoub, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, amekaa. Nikakumbuka dada alisema akalishwe, hakusema akalishwe wapi. Nikaanza na njaa. Nikatoa matobolwa mfukoni, nikampa. Alitia moja mdomoni, akatafuna, akatafuna, halikwenda. Nikahuzunika kwamba mtoto wa Tabora amesahau ladha ya kwao. Miguu yetu ilikuwa inaning'inia juu ya misonobari. Nikafungua mdomo, upepo ukakitikisa kiti, nikaufunga.

Akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu za presha. Nikasema nimekunywa.

"Zote?"

"Kwani leo umekuwa daktari?"

Akageuka upande wa pili.

Huko juu kuna mgahawa. Nikasema hapa ndipo: kuna joto, kuna viti, kuna supu. Akaleta supu moja, akaiweka mbele yangu.

"Kaa, Ami."

"Kaa wewe kwanza."

"Mimi nitakaa ukishakaa."

"Nikae vipi, mwenye kazi amesimama?"

Tukabaki tumesimama wote wawili, supu katikati, watu wazima wamekaa wanakula wanatutazama, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna nzi ndani ya bakuli. Nilidhani ni heshima. Nikasema kimoyomoyo, Hilal, mwanao kalelewa.

Kisha nikamwomba turudi nyumbani. Nilimwomba kwa kila njia. Nikasema kichwa, nikasema tumbo, nikasema nimesahau kuzima jiko. Jiko lao linajizima lenyewe. Kila mara jibu lake lilikuwa moja: "Bado, Ami. Tushuke mara moja tena. Nyumbani bado." Sikumuuliza nyumba inakuwaje bado. Mimi, ambaye nikisikia kengele tu ya baiskeli najua kama aliyeipanda ni mwenyewe au kaiazima, sikumuuliza.

Na kila nilipotazama saa niliongeza zile saa mbili ambazo Tabora imewatangulia. Sasa wanamwosha. Sasa wanamkafini. Sasa adhana ya alasiri inakaribia. Nilianguka mara nyingi siku ile, na nakuambia ukweli, nilipokuwa chini kifudifudi ndipo nilipopumzika. Uso ukiwa kwenye theluji hakuna anayeuona. Watu walinipita kwa kasi, wakanihurumia kwa Kijerumani.

Mchana ukageuka. Darasa la Yaqoub, watoto wadogo wenye kofia ngumu wasiofika kiunoni, lilikusanywa kwenye mteremko mdogo wa chini. Akaniambia nimsubiri pale juu, asishuke nami mbele yao nikawatisha. Akaenda. Nikamwona kwa mbali amesimama amewapa watoto mgongo, ameinua miwani yake ile mikubwa, anajifuta machoni kwa kiganja. Mabega yanapanda yanashuka.

Nikajua wamempigia. Nikajua ameipata taarifa akiwa wima, tumbo tupu, mbele ya wageni, kila kitu dada alichokataza, na mimi niliyekabidhiwa nimesimama juu kilimani nimeshika fimbo mbili.

Nikajisukuma.

Kaka, sijui nikuelezeje. Baiskeli ikikatika breki kwenye mteremko wa stesheni, bado una mti wa kulenga. Pale hapana kitu. Nyeupe inakuja, wewe unakwenda. Sambusa ilinitoka kichwani. Nilitaka kumwita Yaqoub, nimwambie asimame pale pale, asiende popote, nakuja. Nikafungua mdomo. Lililotoka ni Hilal.

Nilikuwa nimelibeba jina hilo tangu bafuni. Halikuwa limepata nafasi. Sasa likatoka lote, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nafikiri lilisikika upande wa pili wa bonde. Nilimwita kama nilivyokuwa namwita tulipokuwa watoto na yeye amenitangulia njiani na haniangalii nyuma.

Hapo ndipo mwenzake Yaqoub wa kazini, kijana mwema mwenye ndevu za rangi ya mahindi, alipoinua simu yake na kupiga picha. Aliona mzee wa Kiafrika anafurahi.

Nilisimamishwa na wavu wa pembeni. Goti lilitoa sauti, tusilizungumze. Yaqoub alifika, akazivua mbao zake, akapiga magoti.

"Ami, umemwita nani?"

Nikapangusa theluji usoni.

"Umemwita Baba."

"Kaa chini, Yaqoub."

"Kaa wewe."

"Mimi nimeshakaa, huoni? Hata nikitaka kusimama sina uwezo."

Akakaa. Akashika mkono wangu na glovu yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba Sheima alimpigia kabla sijaamka. Alikuwa nje anakwangua theluji kwenye kioo cha gari. Sheima alishindwa kujizuia, akamwambia moja kwa moja, kisha akaanza kulia na kumsihi: Ami Murtadha ana presha, usimwambie akiwa wima, mkalishe kwanza, awe na watu.

Ndiyo hivyo, kaka. Katika nyumba moja, dada yuko uani ananipigia mimi kuhusu Yaqoub, na Sheima yuko chumbani anampigia Yaqoub kuhusu mimi. Siku nzima kijana alikuwa ananizungusha mlimani kwa sababu huko nyumbani rafiki yake mmoja wa Mombasa na mkewe walikuwa wanatoa makochi, wanatandika mikeka, wanapika uji, ili nikiingia nikute watu. Mimi namvuta ashuke, yeye ananivuta nipande, kila mmoja anambembeza mwenziwe kwenye waya kama yai. Lile tobolwa lilikuwa limekataa kupita kooni kwa sababu alijua ni nani aliyelinunua.

Tulilia. Sitakuandikia tulivyolia.

Ila nikuandikie hili. Nilipoinua kichwa, wale watoto walikuwa wametufikia. Mmoja alijiangusha kwenye theluji karibu na mguu wangu, akakaa. Kisha wa pili. Kisha wote, mmoja mmoja, na kofia zao ngumu, wakatuzunguka wakakaa kimya. Mmoja alinisogezea fimbo yangu iliyokuwa imeruka. Nikamuuliza Yaqoub wana nini. Akasema leo hakuwaambia chochote, ndivyo alivyowafundisha tangu siku ya kwanza: mwenzako akianguka humpiti. Unasimama chini yake au unakaa naye mpaka ainuke, mlima hauna haraka. Wengine wote pale wanafundisha kwanza kushuka. Yeye anaanza na hilo.

Basi Yaqoub alifiwa amekaa, akiwa na watu. Hawakuwa wale dada aliowataka, na pua zao zilikuwa zinatoka kamasi, lakini walikaa.

Hiyo ndiyo habari niliyotumwa kwenda kuitazama. Kijana haoshi sufuria. Kazi yake ndiyo hiyo niliyokuandikia. Nilikuwa nimepanga kurudi nimkute Hilal kwenye kiti chake cha kukunja, nianze na foleni, acheke, kisha nimpe hili mwisho. Tulipofika Tabora, mimi na Yaqoub, udongo ulikuwa umeshakauka juu. Nilikwenda makaburini nikasimama na fimbo yangu, nikashindwa kuanza. Sijampa. Nakupa wewe, maana mahali pake pengine sipajui.

Sasa rudi kwenye picha. Yule kijana mwema alimtumia Tunu, akidhani anamfurahisha. Tunu alikuwa jikoni kwenye mafuta ya moto, na Yaqoub alikuwa amekataa aambiwe akiwa pale, mpaka mke wa yule rafiki amfuate, amkalishe. Kwa hiyo hakujua. Akaipandisha kwenye simu na yale maneno ya ujana. Alipoambiwa aliifuta huku analia, lakini Ng'ambo ilikuwa imeshaihifadhi. Simlaumu. Bado ananiomba radhi kila Ijumaa.

Unaweza kuuliza kwa nini nisimweleze dada haya yote. Nitaelezaje nisimtaje Sheima? Nikisema Yaqoub alijua tangu asubuhi, dada atauliza nani alimwambia, naye haulizi mara mbili. Sheima alirudi nyumbani kwa baba yake na watoto baada ya ndoa kuvunjika, na baba mwenyewe sasa hayupo. Anakaa pale kwa hisani ya dada. Dada akijua kwamba mtoto wa kike aliitupa taarifa ya baba yake kwa simu, mtu amesimama nje kwenye baridi na njaa, hatamsamehe, na hapo pana vyumba viwili tu na mlango mmoja. Mimi na Yaqoub tuliahidiana pale pale kwenye wavu kwamba jina la Sheima halitatoka. Yaqoub alijaribu kunitetea bila jina hilo kabla ya kurudi kazini. Dada alimjibu kwamba ana moyo mzuri kama baba yake, na kwamba meno yalionekana.

Sheima mwenyewe anataka kusema. Juzi alinifuata gereji akaniambia atakwenda kukiri, afukuzwe, yaishe. Nimemkatalia, lakini naona usiku mmoja atasema. Ndiyo maana nina haraka. Kama dada hatanielewa kabla ya arobaini, msichana yule atajitosa kwa ajili yangu, nami nitakuwa nimepata nafasi ya kukaa ndani kwa kumtoa yeye nje. Nafasi hiyo siitaki. Lakini na turubai, kaka, siliwezi. Nimejaribu kujizoeza. Jana nilikaa nje ya nyumba ile kwenye kiti cha jirani, kuona kama nitaweza, nikasikia dada anakohoa ndani, kama anavyokohoa akitaka kulia, na sikuruhusiwa kuingia.

Wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki, na ndiye pekee ambaye dada humwitikia labeka. Nakuomba umpigie. Usimwambie habari ya Sheima, usimwambie Yaqoub alijua. Sema moja tu.

Nimekuwekea ile picha ndani ya bahasha, nimeichapisha kwa mpiga picha wa stesheni, aliyenitazama vibaya. Ichukue usimame nayo mbele ya kioo, mlango ukiwa umefungwa. Liite jina la Hilal kwa nguvu zako zote, kama anayeitwa yuko mbali na anakwenda. Ukifika katikati ya jina, simamisha mdomo hapo hapo. Kisha utazame kioo, utazame picha.

Mwambie dada afanye hivyo. Awe peke yake, na awe amekaa.

Nisalimie shemeji, na Taghreed, mwambie asali yake ya mwaka huu nitampa mtu wa kuaminika. Mpe salamu mzee wa duka la pembeni aliyesoma na Hilal, na umweleze polepole kama hajajua. Huku dada hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina, ila nina hakika angekusalimu. Mungu akupe afya ya kuinama na kuinuka, amrehemu Hilal, na atukutanishe sote upande wa ndani wa mlango mmoja.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliye nje kwa sasa,

Murtadha